Ahadi ni Deni: Pigo Thabiti katika Gita la Mwenda Jean Bosco

Kuna kauli mbili ambazo husikika mara kwa mara wanapokutana walimu kuzungumzia muziki wa nchi zetu. Kauli ya kwanza hudai kwamba mpigaji abuniye papo hapo ni mtu aliyekata minyororo: hafuati nota, hafuati mwalimu, wala hafungwi na hesabu ya mapigo, hufuata moyo wake tu. Kauli ya pili hudai kwamba Mwafrika hana haja ya kufundishwa mapigo, kwa kuwa mdundo umo damuni mwake tangu tumboni mwa mama. Kauli hizi hutolewa kama sifa. Sisi twaziona kuwa ni dharau iliyovishwa nguo ya sifa, maana ya kwanza humnyima msanii akili yake, na ya pili humnyima jasho lake.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba pigo thabiti si adui wa ubunifu wa papo hapo, bali ndilo sharti la kuwezekana kwake. Na kwamba uthabiti huo hauzaliwi na mtu, bali hujengwa kwa mazoezi, kwa kusikiliza, na kwa kuwaheshimu wenzake na wasikilizaji wake. Kielelezo chetu kikuu ni gita la Mwenda Jean Bosco wa Katanga. Tumemchagua kwa sababu aliimba kwa Kiswahili, kwa sababu kazi yake imehifadhiwa na yaweza kusikilizwa na kila mwalimu, na kwa sababu hajapata nafasi anayostahili katika madarasa yetu.

I. Maneno Matatu

Kabla ya kuhukumu, yafaa tukubaliane juu ya maneno matatu ambayo huchanganywa ovyo. Pigo, kwa maana tunayoikusudia hapa, ni ile hesabu ya vipindi sawa inayokwenda chini ya muziki, mfano wa hatua za mtu anayetembea. Mdundo ni mpangilio wa sauti ndefu na fupi unaojengwa juu ya hesabu hiyo. Mwendo ni kasi ya hesabu yenyewe, iwe ya haraka au ya taratibu. Mpigaji aweza kuubadili mdundo mara kumi katika wimbo mmoja na pigo lisitikisike. Aweza pia kupiga mdundo ule ule toka mwanzo hadi mwisho, na huku pigo linamponyoka bila yeye kujua. Wengi wanaposema kwamba fulani "ana mdundo", wamesifu jambo moja na kusahau kulipima la pili.

Ama ubunifu wa papo hapo, huo ni kutunga na kupiga kwa wakati mmoja. Mwandishi wa riwaya aweza kufuta sentensi, akalala, akaamka kesho akaiandika upya. Mpigaji hana kifutio. Akipiga sauti isiyofaa, imekwisha sikika, na pigo linalofuata limekwisha fika mlangoni. Hapo ndipo ulipo ugumu wa sanaa hii, na hapo pia ndipo tunapoanza kuona faida ya pigo thabiti. Kwa kuwa mpigaji anajua kwa hakika pigo lijalo litafika lini, akili yake hupata nafasi ya kufikiri litakuja na nini. Asiyejua litafika lini hana nafasi ya kufikiri lolote. Hubaki kukimbizana na vidole vyake mwenyewe.

II. Gumba na Kidole cha Shahada

Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, makao makuu ya zamani ya Msiri, mtawala wa Wayeke ambao asili yao ni Unyamwezi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka kusini na katikati ya Afrika akirekodi muziki, alimkuta Jadotville, mji ambao leo waitwa Likasi, akarekodi nyimbo zake. Miongoni mwake ulikuwamo wimbo "Masanga", ambao ulisambaa na kumpa sifa mbali na kwao. Mwaka 1959 Mwenda alikaa Nairobi kwa miezi kadhaa, na wapigaji wa Kenya walijifunza mengi kutoka kwake. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport huko Marekani. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia.

Mtaalamu David Rycroft aliona kwamba upigaji huu wastahili uchunguzi wa makini. Aliuandika kwa nota na kuueleza katika jarida la African Music, sehemu ya kwanza mwaka 1961 na sehemu ya pili mwaka 1962, na katika kichwa cha makala yake hakusita kuuita ubunifu wa papo hapo. Kwa hiyo hatuzungumzii jambo la kubahatisha. Tuna sauti zilizohifadhiwa, na tuna uchunguzi wa zaidi ya miaka sitini uliokwisha onyesha kwamba Mwenda hakurudia tu alichokariri.

Sasa tuusikilize upigaji wenyewe. Vidole vinavyofanya kazi katika mkono wa kulia ni viwili: gumba na kidole cha shahada. Gumba hushughulikia nyuzi nene, na kidole cha shahada hushughulikia nyuzi nyembamba. Msikilizaji asiyeambiwa hudhani kuna magita mawili. Msingi wa wimbo ni mzunguko mfupi wa sauti unaorudi tena na tena, kama mtu azungukaye uwanja mmoja. Lakini hakuna mzunguko unaofanana kabisa na uliotangulia. Hapa sauti moja imechelewa kidogo. Pale kipande cha lahani kimeanza kabla ya mahali pake. Kwingine sauti mbili zimepigwa pamoja palipokuwa na moja. Mabadiliko ni madogo, na kila moja linatokana na lililotangulia, hata msikilizaji ahisi kwamba anasimuliwa kisa badala ya kurudiwa maneno yale yale.

Mara nyingi vipande vya lahani vinavyopigwa na kidole cha shahada havianzi pamoja na pigo. Huanza kati ya pigo na pigo, au hulivuka pigo na kutua baadaye. Laiti pigo lingekuwa linayumba, uchelewaji huo ungesikika kama kosa. Kwa kuwa haliyumbi, uchelewaji husikika kama mzaha, kama mtu anayejifanya atadondosha mtungi na kumbe ameushika barabara. Hatuwezi kufurahia mtu kuchelewa ikiwa hatujui alipaswa kufika saa ngapi.

Hapa ndipo tunapotaka kupinga maelezo mepesi yanayotolewa juu ya mtindo huu. Husemwa kwamba gumba ni ngoma na kidole cha shahada ni mwimbaji. Gumba hugonga, kidole huimba. Maelezo hayo yamfaa mwanafunzi wa juma la kwanza, lakini hayatoshi. Sikilizeni tena, wasomaji wapendwa, mkifuatilia nyuzi nene peke yake. Mtaona kwamba gumba la Mwenda si nyundo ya fundi seremala. Wakati mwingine huacha pigo tupu bila kuligonga. Wakati mwingine nalo huimba kipande chake, na kulijibu lahani la juu. Hata hivyo, pigo halipotei. Tunaendelea kulihesabu sisi wenyewe, vichwani au kwa miguu yetu, na gumba linaporudi twalikuta pale pale tulipolitarajia.

Hili latufunza jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya. Pigo si lazima lisikike. Lililo lazima ni kwamba lijulikane. Si sauti, bali ni ahadi kati ya mpigaji na msikilizaji. Mizunguko ya kwanza ya wimbo ndiyo inayotoa ahadi hiyo: hapa ndipo tunapohesabu, na hapa ndipo tutakaporudi. Baada ya hapo mpigaji yu huru kwenda atakako, mradi alipe. Wahenga walisema ahadi ni deni, na kila kipande kinachobuniwa papo hapo ni mkopo mdogo unaochukuliwa mbele ya mashahidi. Mpigaji hodari hukopa kwa ujasiri na hulipa kwa wakati. Mpigaji dhaifu ama haogopi kukopa na halipi, ama huogopa kukopa kabisa, akapiga mzunguko mmoja bila badiliko mpaka watu wasinzie.

Wako wapigaji wa Ulaya na Marekani wanaojifunza "Masanga" nota kwa nota na kuupiga bila kosa. Juhudi yao twaiheshimu. Lakini anayeiga mabadiliko ya siku moja ya mwaka 1952 kana kwamba ni maandiko yasiyobadilika amechukua matunda na kuuacha mti. Afadhali mwanafunzi apataye mzunguko wenyewe na pigo lake, kisha akabadilisha sauti mbili tu kwa akili yake, kuliko yule aliyekariri mia bila kujua kwa nini zimo.

III. Kazi Inapogawanywa

Mwenda aliweza kuiweka ahadi na kuichezea kwa mkono mmoja. Si kila sanaa humbebesha mtu mmoja mzigo huo. Nchini Kenya, George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963 na ambaye naye aliimba kwa Kiswahili, alipiga gita kwa mtindo unaoitwa omutibo. Mtindo huo hufuatana na chupa ya soda inayokwaruzwa au kugongwa kwa chuma. Wapo wanaoicheka chupa ile kuwa ni dalili ya umaskini wa vyombo. Sisi twasema ni dalili ya utajiri wa fikra. Mwenye chupa ndiye mtunza ahadi. Kwa kuwa yupo, mwenye gita aweza kwenda mbali zaidi bila hofu ya kupotea, na msikilizaji aweza kupima wakati wowote umbali kati ya chupa na gita. Kazi ya mwenye chupa huonekana ndogo mpaka siku atakapokosea.

Mgawanyo huu wa kazi hujitokeza kwa ukubwa zaidi katika ngoma za Burundi, ambazo Shirika la UNESCO liliziandikisha mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa wanadamu. Ngoma hupangwa nusu duara, na katikati huwekwa ngoma inayoitwa inkiranya. Ngoma ziitwazo amashakwe hupiga pigo moja bila kukoma, na zile ziitwazo ibishikizo hufuata mdundo unaotolewa na inkiranya. Wapigaji hupokezana kwenda katikati, na kila afikaye hupiga na kucheza kwa namna yake, akiruka na kuonyesha ufundi wake. Macho yote humwelekea yeye. Lakini mhakiki asiishie kwa aliye katikati. Aziangalie pia amashakwe. Wale ndio wanaomfanya mrukaji aruke bila hofu, maana atuapo chini ardhi ya sauti i pale pale alipoiacha. Na mrukaji mwenyewe, zamu yake ikiisha, hurudi kwenye mstari na kuwashikia wenzake. Aliyeshikiwa leo hushika kesho.

Walimu wa lugha wataona jambo lingine hapa. Katika Kirundi neno ingoma lilitaja chombo na utawala kwa pamoja. Katika Kiswahili neno ngoma hutaja chombo, mchezo na shughuli nzima ya watu waliokusanyika. Lugha zetu zilikwisha tambua kwamba kuishika ngoma ni kushika mpango wa watu, wala si kugonga ngozi tu.

Twaweza kuongeza mfano wa bendi za Kinshasa, ambako katika sehemu ya pili ya wimbo, iitwayo sebene, waimbaji hupumzika na magita hushika usukani. Gita la solo hutamba, lakini gita la kati na lile la kusindikiza hurudia vipande vyao vifupi bila kuchoka. OK Jazz, bendi iliyoundwa mwaka 1956 na iliyoongozwa kwa miaka mingi na Franco Luambo Makiadi hadi kifo chake mwaka 1989, ilidumu kwa nidhamu hiyo. Anayesikiliza solo peke yake husikia nusu ya muziki.

IV. Mapingamizi

Mhakiki mwadilifu hana budi kuyasikiliza mapingamizi. La kwanza ni la wapenzi wa taarabu. Watatuambia: mbona taksimu ya udi au ya kanuni haina pigo, na bado ni ubunifu wa papo hapo wa hali ya juu? Hoja hii ni nzito na hatuipuuzi. Ni kweli kwamba katika taksimu mpigaji mara nyingi huelea, akivuta sauti moja kama pumzi na kuiachia apendapo. Lakini tuangalie kwa makini. Mpigaji wa taksimu hakuiacha ahadi. Amebadili aina yake. Amejifunga na makamu, yaani njia ya sauti, na msikilizaji mjuzi hungojea arudi katika sauti ya makao. Hujifunga pia na mahali pa taksimu yenyewe, ambayo mara nyingi hutangulia au hukatiza kipande chenye pigo. Na pigo linapoingia baada ya kuelea huko, mioyo ya wasikilizaji hutua pamoja. Kwa hiyo hatudai kwamba kila ubunifu wahitaji pigo. Twadai kwamba kila ubunifu wahitaji kitu kisichobadilika ili mabadiliko yake yasikike. Na kwamba katika muziki wa gita, wa ngoma na wa bendi tunaouzungumzia, kitu hicho ni pigo.

Pingamizi la pili ni kwamba ngoma nyingi huanza taratibu na kumalizikia kwa kasi. Je, huo si ushahidi kwamba pigo haliko thabiti? La, hasha. Kuongeza mwendo kwa makubaliano ni jambo moja, na kuponyokwa na mwendo ni jambo jingine. Kiongozi wa ngoma anapotoa ishara na wote wakaongeza pamoja, vipindi hupungua kwa usawa, na ahadi mpya hutolewa hadharani. Tofauti kabisa ni yule kijana anayefika kwenye kipande kigumu, moyo ukamwenda mbio, na mikono ikaufuata moyo. Tumehudhuria mashindano ya shule ambamo kikundi cha namna hii kilishangiliwa na kutuzwa kwa "uchangamfu", na kikundi kilichoshika mwendo wake kikaambiwa kimepoa. Waamuzi wa namna hiyo huwafundisha watoto kwamba woga ni ufundi.

Pingamizi la tatu ni la siku hizi. Katika studio nyingi mpigaji huvaa visikizi masikioni na mashine humgongea pigo lisilokosea. Wakati mwingine ngoma zote hupigwa na mashine hiyo. Mtu aweza kuuliza: ikiwa twatafuta uthabiti, mashine si imeshinda? Mashine hushika saa, lakini haishiki ahadi, kwa sababu haimsikilizi mtu. Mwenye chupa humsikia mwenye gita akipanda, naye akakwaruza kwa nguvu zaidi. Amashakwe humwona mrukaji akijiandaa. Uthabiti wao ni wa watu wanaongojeana. Hatusemi mashine itupwe. Kwa mazoezi ya mwanafunzi ina faida, maana humwonyesha bila upendeleo mahali anapoharakisha. Lakini mwanafunzi asiyewahi kushika pigo bila mashine ni kama mgonjwa asiyewahi kutembea bila mkongojo.

V. Pigo la Lugha

Wasomaji wa jarida hili wataka kujua mambo haya yanawahusuje wao, ambao kazi yao ni Kiswahili. Yanawahusu sana. Katika maneno mengi ya Kiswahili mkazo hutua kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mwimbaji anayebuni papo hapo hukutana na mapigo ya aina mbili: pigo la gita na mkazo wa neno. Mara hukutana mahali pamoja, na neno husikika kama linavyosemwa. Mara hupishana, na mwimbaji hulazimika kuvuta silabi, kuongeza kijazio, au kuliacha neno litue nje ya desturi yake. Mwalimu aliye na sikio aweza kuwafundisha wanafunzi habari ya mkazo kwa dakika kumi za wimbo kuliko kwa saa nzima ya ubao.

Zaidi ya hayo, washairi wetu walilijua suala hili kabla ya magita. Katika malumbano, mshairi humjibu mwenzake hapo hapo, na jibu lazima liwe na vina na mizani. Asiyejua sanaa hii hudhani kwamba mizani humchelewesha mjibuji. Mjuzi hujua kwamba mizani humharakisha, kwa kuwa humwambia ana silabi nane tu za kusema alilo nalo, na maneno yasiyofaa hujitupa yenyewe. Tangu miaka ya 1970 umekuwapo ubishi mrefu juu ya mashairi ya kimapokeo na mashairi huru, na hatutaufufua hapa. Twasema tu kwamba mshairi huru aliye mzuri naye ana pigo lake, na msomaji hulihisi hata asipolihesabu. Na mshairi wa kimapokeo aliye mbaya ana mizani kumi na sita kamili na hana pigo lolote.

Tena kuna jambo la haki. Nyimbo za Mwenda na za wenzake wa Katanga, mkoa ulioitwa Shaba kati ya miaka ya 1971 na 1997, hazitumiwi katika shule zetu kwa sababu husemwa kwamba Kiswahili chake si sanifu. Twakubali kwamba si sanifu, wala hatumshauri mwalimu akifanye kuwa kielelezo cha insha. Lakini kumtupa msanii mzima kwa ajili ya viambishi vyake ni kumhukumu mchezaji ngoma kwa viatu. Kiswahili cha Katanga ni Kiswahili cha watu wengi, na gita lile lilikifikisha mahali ambapo vitabu vyetu havikufika.

VI. Kwa Mwalimu

Tukiacha nadharia, mwalimu afanye nini? Twapendekeza mambo manne, ambayo hayahitaji chombo chochote ila mikono.

Kwanza, darasa ligawanywe mafungu mawili. Fungu moja lipige makofi kwa mwendo wa kutembea, bila kubadili. Fungu la pili libadilishe mdundo juu yake, mwanafunzi mmoja mmoja kwa zamu, kila mmoja mapigo manane. Baada ya zamu chache mafungu yabadilishane, ili kila mtoto ajue uzito wa kushika na raha ya kuachia.

Pili, anayekosea asisimame. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu shule imewazoesha watoto kusimama na kufuta. Sauti iliyokosewa husamehewa na wasikilizaji. Pigo lililosimama haliwezi kusamehewa, kwa kuwa limewaangusha wote. Aliyepotea anyamaze mapigo mawili au matatu, asikilize, kisha aingie tena. Kunyamaza ndani ya pigo si kushindwa, kama gumba la Mwenda linavyotuonyesha.

Tatu, mwanafunzi abadilishe kidogo kabla ya kubadilisha kikubwa. Abadili sauti moja katika mzunguko, airudie, kisha abadili ya pili. Wengi huharibikiwa kwa sababu hutaka kusema yote waliyo nayo katika mzunguko wa kwanza.

Nne, zoezi hilo lipelekwe kwenye lugha. Wanafunzi wapige makofi, na mmoja atunge papo hapo kipande cha silabi nane. Mwenzake amjibu kwa silabi nane nyingine. Makofi yasimngojee mtu. Wanafunzi wa Kiswahili wa nchi jirani, ambao wengi wao hujua sarufi kuliko wanavyothubutu kusema, watagundua kwamba upatanisho wa kisarufi huja wenyewe kinywani wakati hawana nafasi ya kuuogopa. Makosa yao yaandikwe pembeni, na yasahihishwe baadaye, makofi yakiisha.

Na mhakiki je? Aache kuuliza kama mpigaji ni mwepesi wa vidole. Aulize maswali matatu: Je, ahadi ilitolewa waziwazi mwanzoni? Je, mpigaji alikwenda mbali nayo, au alikaa mlangoni? Je, alirudi, na sisi tulikuwa tunamngojea mahali pale pale? Kwa maswali haya, "Masanga" hushinda kila tunapousikiliza, na nyimbo nyingi zenye vyombo ishirini na kelele za kutosha hushindwa.

Methali yasema mwenda pole hajikwai. Hatudai kwamba jina la msanii wetu latokana na methali hiyo. Lakini tukiwasikilizisha wanafunzi gita lake, kisha tukawauliza maana ya methali, hapana shaka jibu litakuja bila kutafuta kamusi. Watasema kwamba kwenda pole si kwenda polepole. Ni kujua mguu wa pili utakanyaga wapi kabla wa kwanza haujainuka.